Sufu Karibu na Ikweta

Kisangani iko chini ya kilomita 60 kaskazini ya Ikweta, katikati ya msitu, pale Mto Kongo unapomaliza kushuka maporomoko ya Boyoma. Hakuna mwezi unaopita bila mvua, na kwa mwaka mzima maji yanayoanguka hupita milimita 1,600. Unyevu huingia katika kila kitu. Chumvi hulowa mkebeni, kurasa za kitabu hujikunja, na kiatu kilichosahauliwa uvunguni kwa majuma machache hutolewa kikiwa na ukungu. Katika hewa ya namna hii, koti la sufu lililoshonwa Ulaya miaka hamsini iliyopita lingepaswa kuwa limeshaoza. Basi ukilikuta Jumapili asubuhi katika mtaa wa Makiso, limekaa sawa mabegani, bitana yake nzima, vifungo vyake vya pembe vinang'aa, na juu yake skafu ya hariri na kofia ambayo ukingo wake haujalegea, ujue kuna watu wamelifanyia kazi kwa miaka.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Kuhusu wanaume wa Kongo na nguo zao yameandikwa mengi: gharama, majina ya wabunifu, mikogo ya barabarani. Mikono haitajwi sana. Anayevaa vya zamani vizuri anajua kitambaa kwa ncha za vidole, anajua mshono uliofichwa, anajua maji gani huua nguo na mvuke gani huifufua. Ni ufundi kamili, una kanuni zake na wajuzi wake, na Kisangani umekua mahali pagumu kuliko pengi.

Mji huu umejifunza mavazi kwa zamu. Kabla ya suti ilifika kofia. Wangwana waliofuata njia za pembe za ndovu kutoka pwani walipiga kambi karibu na maporomoko, na Februari 1887, huko Unguja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, alikubali kuwa gavana wa eneo hilo, lililoitwa Stanley Falls, kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Pili. Historia hiyo ina damu na minyororo, na weupe wa kanzu hauwezi kuifunika. Lakini ndiyo iliyoleta Kiswahili tunachosema hapa, ikaleta Uislamu, ikaleta na kofia ya kudarizi. Kofia hiyo ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila kitobo chake huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mpaka ua litokee. Moja iliyo nzuri huchukua majuma, pengine miezi. Anayeijua haiangalii kwa nje kwanza. Huigeuza, aone uzi ulivyomalizwa upande ambao hakuna atakayeuona ikiwa kichwani. Tabia hiyo ya kugeuza vazi ndani nje ndiyo mwanzo wa elimu yote ninayoieleza.

Kisha ikaja suti, nayo ilikuja na mtihani. Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ulianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ukaongeza hati ya kuandikishwa. Aliyeomba alikaguliwa hadi nyumbani: anavyokula, anavyolala, anavyovaa mkewe na wanawe. Stanleyville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, ulikuwa na makarani wa aina hiyo, na mmoja wao alikuwa karani wa posta, Patrice Lumumba, aliyepata hati yake mwaka 1954. Picha zake za miaka ile zafaa kutazamwa taratibu. Shati limekaa shingoni bila kubana, tai ya kipepeo imefungwa kwa mkono, koti limefuata mabega. Novemba 1959 alikamatwa hapa hapa Stanleyville baada ya ghasia, na Januari 1960 akatolewa gerezani na kupelekwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru. Aliposhuka, alionyesha vifundo vya mikono vilivyojeruhiwa na pingu. Bandeji zilionekana chini ya mikono ya koti. Vazi ambalo wakoloni walilifanya kipimo cha utiifu lilikuwa sasa limevaliwa na mtu aliyekuja kudai nchi.

Zamu ya tatu ilikuwa marufuku. Mapema miaka ya 1970, nchi ikiwa imepewa jina la Zaire, Rais Mobutu alikataza suti ya Kizungu na tai. Mahali pake likaja abacost, koti jepesi la kufungwa hadi juu, lisilohitaji shati wala tai. Lakini shingo ya mwanamume haikubali kukaa tupu. Wakubwa wa enzi ile, Mobutu mwenyewe akiwa wa kwanza, walifunga skafu ya hariri ndani ya ukosi na kuweka kitambaa cha rangi ile ile mfukoni mwa kifua. Hivyo marufuku ya tai ilikuza ustadi wa skafu. Abacost halisi la wakati huo sasa limetimiza miaka hamsini, nalo ni vazi la kale la Kikongo kwa haki yake lenyewe. Kola yake huliwa kwanza na jasho, na anayetaka kuliokoa huifumua, huipindua upande wa pili, na kuishona upya. Kazi ni ya nusu siku, na vazi hupata miaka mingine kumi.

Wakati huo huo vijana wa Kinshasa na Brazzaville walikuwa wakijenga Sape, ule utamaduni wa kuvaa kwa unadhifu. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949, katika Sankuru ile ile iliyomzaa Lumumba, aliunda bendi ya Viva la Musica mwaka 1977 na kuufanya unadhifu kuwa sehemu ya muziki. Mavazi mazuri ya kigeni yakawa njia ya kumjibu aliyewaamrisha wavae sare. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu tai irudi. Papa Wemba alifariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, miaka 26 kamili baada ya siku hiyo. Hakuwa na cheo cha serikali, ila katika mambo ya nguo alisikilizwa kwa muda mrefu kuliko aliyetoa amri.

Nguo zenyewe hufikaje hapa? Njia ni mbili. Ya kwanza ni mto, karibu kilomita 1,730 kutoka Kinshasa, juu ya majahazi na mashua ndefu za mbao, safari ya majuma kadhaa. Ya pili ni barabara ya taifa namba 4, kutoka mpaka wa Uganda pale Kasindi, kupitia Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, msitu kwa msitu. Mitumba huja katika marobota yaliyobanwa kwa mashine hadi kuwa magumu, yamefungwa mikanda. Robota likikatwa, nguo hutoka zimekunjamana na zina harufu ya ghala. Wengi huona rundo. Mwenye ufundi hana pupa, hunyoosha mkono.

Mkono husoma kwanza, jicho hufuata. Sufu safi ukiifinya kwenye ngumi kisha ukaiachia hujinyoosha yenyewe. Iliyochanganywa nyuzi za plastiki hubaki na mikunjo au huteleza kwa namna isiyo ya kawaida. Kwenye koti, vidole huenda kifuani, chini kidogo ya ukosi, na kushika kitambaa cha nje kwa upande mmoja na bitana kwa upande mwingine. Ukisikia tabaka la tatu likicheza huru katikati, hilo ni turubai la manyoya ya farasi lililoshonwa, na koti la namna hiyo huzoea mwili wa anayelivaa kadiri miaka inavyopita. Usiposikia kitu, tabaka la kati limegandishwa kwa gundi, na gundi haipatani na joto la Kisangani. Siku moja kifua kitatoka malengelenge, na malengelenge hayo hayana dawa.

Halafu mikono ya koti. Vitundu vya vifungo vilivyokatwa kweli, vinavyofunguka, vyaonyesha fundi aliyekuwa na muda. Vifungo vya pembe huwa baridi kwenye mdomo, na hakuna viwili vinavyofanana mistari. Vya plastiki hufanana vyote. Kisha koti hugeuzwa ndani nje na mishono hukaguliwa. Fundi mwenye kuona mbali huacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa mgongo na kwenye upindo, sentimita mbili au tatu za akiba kwa ajili ya mwili atakaokuwa nao mtu baadaye. Koti lenye akiba laweza kubadilishwa. Koti lililokatwa kwa ubahili limefungwa katika umbo lake la kwanza milele.

Skafu ina mtihani wake. Hariri nzito ya kale, iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, hutoa mlio mdogo inaposuguliwa kati ya vidole. Kingo zake hutazamwa kwa makini: zilizoviringishwa na kushonwa kwa mkono ni nono kidogo, na mishono yake haiko sawa kama ya mashine. Skafu za mraba za Hermès, zinazotengenezwa tangu 1937 kwa kipimo cha sentimita 90 kila upande, humaliziwa hivyo, na kuigiza kazi hiyo ni ghali kuliko kuigiza michoro. Penye shaka, uzi mmoja huvutwa ukingoni na kuchomwa. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Plastiki huyeyuka na kuwa kijitone kigumu. Tai nayo hushikwa kwenye ncha nyembamba na kuachwa ining'inie: ikikaa wima bila kujisokota, ilikatwa kwa mshazari sahihi.

Ikishapatikana, nguo huenda kwa fundi. Hapa kuna mazungumzo yanayojirudia katika kila kibanda chenye cherehani. Mteja husema, "Papa, nipunguzie mabega." Naye mzee hujibu, "Mwanangu, kiuno nitakupa, mikono nitakupa, urefu nitakupa. Mabega tafuta koti lingine." Jibu hilo ni la elimu. Bega ndilo linalobeba vazi zima: mkono wa koti, ukosi, na tabaka la kati vyote vimefungwa hapo, na anayelifumua ni kama anayeshona koti jipya kutoka mwanzo. Mnunuzi aliyefundishwa hupima bega sokoni kabla ya kuuliza bei. Mengine yote ni ya cherehani na uvumilivu. Bitana iliyopasuka kwapani hubadilishwa kipande, si nzima. Tundu la nondo hufumwa kwa nyuzi zilizovutwa ndani ya upindo wa vazi lile lile, ili rangi na unene vilingane, na kazi ikiwa nzuri mwenye koti mwenyewe husahau tundu lilikuwa wapi.

Kofia ya felti yataka subira kuliko vyote. Felti haifumwi. Ni manyoya ya sungura, na katika kofia bora ya zamani manyoya ya biva, yaliyoshindiliwa kwa maji moto na mvuke hadi magamba madogo ya kila unywele yakashikana na menzake. Kiwanda cha Borsalino kimefanya hivyo Alessandria, Italia, tangu 1857. Kwa kuwa mvuke ndio ulioipa umbo, mvuke huohuo waweza kulirudisha. Kofia iliyopondeka katika robota huwekwa juu ya birika linalochemka, haisogezwi karibu mno, na ikilainika hufinywa kwa vidole, kidogo kidogo, kisha huachwa ipoe kabla ya kuguswa tena. Anayefanya haraka hupata kofia yenye alama za vidole. Vumbi hutolewa kwa brashi kufuata mlalo wa manyoya. Ukanda wa ngozi wa ndani, ulionyonya jasho la mtu wa kwanza, hupanguswa, hukaushwa kivulini na kupakwa mafuta kidogo. Ukiwa umekauka hadi kupasuka, hubadilishwa. Kofia hailazwi juu ya ukingo wake. Hulazwa kichwa chini, ukingo ukiwa hewani.

Viatu navyo vina sharti moja kubwa: soli iliyoshonwa. Moka za J.M. Weston, kampuni iliyoanza Limoges mwaka 1891, zinapendwa kote Kongo kwa sababu hiyo. Soli ikiisha, hung'olewa na nyingine hushonwa mahali pake, na ngozi ya juu huendelea na safari. Baada ya mvua, kiatu hujazwa karatasi kavu na kuwekwa mbali na moto. Asiyejua hukianika karibu na jiko, ngozi ikakakamaa na kupasuka, na kiatu cha miaka thelathini hufa kwa usiku mmoja.

Baada ya hayo yote ndipo kunaanza kazi isiyokwisha, ya kuhifadhi. Adui ni unyevu, nondo na ukungu. Nguo chafu haiingii sandukuni, kwa sababu jasho na mafuta ya chakula ndivyo vinavyoita wadudu. Siku ya jua kali nguo hutolewa nje, lakini huanikwa kivulini penye upepo, zimegeuzwa ndani nje, maana jua la Ikweta hula rangi ya hariri. Kafuri hufungwa kwenye kitambaa ili isiguse nguo. Koti hutundikwa kwenye kiango kipana chenye umbo la bega. Skafu huviringishwa, haikunjwi mahali pale pale kila mara, kwa kuwa mkunjo wa kudumu hukata nyuzi. Pasi, iwe ya umeme siku umeme ulipo au ya makaa siku haupo, hupita juu ya kitambaa chenye maji, haigusi sufu yenyewe. Mwenye pasi ya makaa hupuliza majivu nje, hujaribu joto kwenye kitambaa kibovu, na hupuliza tena. Cheche moja ingetosha kuharibu kazi ya miaka.

Katika mji huu kazi hiyo ina uzito wa pekee. Kisangani uliona uasi wa 1964 na vita vya kuuzima, ukaona uporaji wa miaka ya 1990, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mitaa yake kwa siku sita, mizinga ikiangukia nyumba za watu ambao ugomvi haukuwa wao. Familia zilikimbia na walichoweza kubeba. Suti ya babu iliyopita katika hayo yote, pamoja na picha na vyeti, ilipita kwa sababu kuna mtu aliamua kuwa inastahili nafasi katika mzigo. Kuitunza leo ni kuheshimu uamuzi huo.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ahangaikie hariri mahali penye shida nyingi. Swali ni la haki, na nalijibu kwa haki. Mwanamume anayekopa hadi watoto wakakosa ada ili avae jina la mbunifu, huyo simsifu. Ninayemsifu ni yule aliyenunua koti lililotupwa na wengine, akalipa fundi wa mtaani, fundi viatu na mama wa kufua, akalivaa miaka ishirini. Fedha yake imebaki mjini, na nguo yake haijafika jalalani. Aliyetupa koti lile Ulaya hakujua alichokuwa nacho. Aliyelipokea katika mitaa ya Mangobo au Kabondo anakijua hadi mshono wa mwisho.

Na wasanii wa mji wameona nguvu hiyo. Mchezangoma Faustin Linyekula, mwenye Studios Kabako hapa Kisangani, alipotengeneza onyesho lake la mwaka 2009, more more more… future, mavazi yalitoka kwa Xuly Bët, mbunifu kutoka Mali aliyejipatia jina Paris kwa kukata nguo kuukuu na kuziunga upya kwa uzi mwekundu ulioachwa uonekane. Juu ya jukwaa, mshono uliokuwa wa kufichwa ukawa pambo.

Ndipo kuvaa kwenyewe, ambako ni hatua ya mwisho na fupi kuliko zote. Masapeur wa Brazzaville wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu, na wanaume wa Kisangani wenye jicho huifuata hata wasipoitaja. Skafu yenye michoro hutaka koti tulivu. Koti la mistari hutaka skafu ya rangi moja. Fundo halikazwi hadi mwisho. Huachwa na hewa kidogo, maana shingo hutoka jasho na hariri hukumbuka jasho. Kofia ya felti nzito hungoja jioni au asubuhi yenye ukungu juu ya mto, na mchana huachia zamu kitani na kofia nyepesi ya majani. Anayepanda pikipiki huvua kofia na kuipakata, hata safari ikiwa fupi. Anayevuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga hukunja suruali kwanza, huvua viatu, na huvivaa upya ng'ambo akiwa amesimama, bila haraka, mbele ya wote.

Ufundi huu haufundishwi shuleni, na walioujua tangu enzi ya abacost wanazeeka. Mwanafunzi wa leo huupata kwa kukaa karibu nao: kushika pasi, kufumua mshono mmoja, kuchoma uzi mmoja na kunusa moshi wake. Mwenye koti la baba yake sandukuni na alitoe, aligeuze ndani nje, alipeleke kwa mzee mwenye cherehani akiwa bado na macho ya kuona kitundu cha sindano, na akae hapo hadi kazi iishe. Koti litapona, na yeye atakuwa ameanza kujifunza.